Naomba ushauri: kutia nanga kwenye hori la mto karibu na mji, nafasi ni finyu

Tezi_na_Omo

Salaam wakuu. Tuna boti ya tanga ya mita 11, inazama mita 1.7 ndani ya maji, na kwa sasa ndiyo nyumba yetu. Tunataka kuingia mtoni na kutia nanga kwenye hori lililojitenga na mkondo mkuu, mwendo mfupi wa dingi (kimashua chetu cha kwenda nchi kavu) kutoka mjini. Tutakaa siku kadhaa, tununue mahitaji, tushone tanga, watoto nao wapumzike na mawimbi.

Tumelipima kwa dingi na bildi (kamba yenye risasi ya kupimia kina) maji yakiwa yamekupwa. Upana ni kama mita 60, kina mita 3 katikati, chini ni matope meusi laini. Maji yakijaa yanapanda kama mita 2, na mkondo unaingia na kutoka. Nanga kubwa ni ya jembe, ina mnyororo wa mita 50. Ya akiba ni Danforth, nanga ya mabamba mawili bapa, yenye mnyororo mfupi na kamba ndefu ya nailoni. Mke wangu anasema boti haitapata nafasi ya kuzunguka. Mimi naona pametulia, hata upepo haufiki, kwa hiyo mnyororo mfupi utatosha. Mnasemaje?

Bildi_Nzito

Mkuu, mkeo kaona sawa. Piga hesabu kwa maji yaliyojaa: mita 5 za kina, ongeza mita 1 kutoka usawa wa maji hadi omo (mbele ya boti), ni 6. Mnyororo mtupu unataka angalau mara tano ya hapo, yaani mita 30. Ukijumlisha urefu wa boti, duara la kuzunguka linakaribia mita 80 kutoka ukingo hadi ukingo. Hori lako lina 60, na kingo za mto kwa kawaida zina kina kidogo kuliko katikati. Ukifupisha mnyororo ili uenee, nanga inavutwa kwenda juu badala ya kulala, na kwenye matope laini itateleza tu.

Kupwa_na_Kujaa

Kabla ya yote, ulipima mwezi ukiwa wapi? Swali hili ni muhimu kuliko aina ya nanga.

Tezi_na_Omo

Mwezi ulikuwa nusu.

Kupwa_na_Kujaa

Basi ulipima kwenye maji mafu. Wakati huo maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Subiri mwezi mpevu au mwezi mwandamo, bamvua (maji makubwa) likija, maji yatapwa chini kuliko ulivyoona, na hizo mita 3 hazitakuwa 3 tena. Tafuta jedwali la maji la bandari iliyo karibu, linganisha kupwa kwa siku uliyopima na kupwa kwa siku za bamvua, utoe tofauti. Bandari ikiwa mbali na hori, saa za mtoni zitachelewa kidogo, ila tofauti hiyo itakupa picha. Na usiingie kilele cha bamvua. Ukipanda kwenye tope siku ile, maji yanayofuata ni madogo kila siku, unaweza kukaa pale karibu wiki mbili. Ingia maji yakiwa yanajaa na bado yana saa kadhaa za kupanda. Ukigusa chini, yatakuinua yenyewe.

Mzee_wa_Amari

Ndugu yangu, umesema pametulia kwa sababu upepo haufiki. Horini hutii nanga kwa ajili ya upepo, unatia kwa ajili ya mkondo. Mkondo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake juu ya boti ni mara nne. Tena unageuka kila baada ya saa sita na ushee. Kila unapogeuka, nanga moja inazungushwa, inang'oka, inatakiwa ijichimbie upya ikiangalia upande wa pili. Danforth inashika matope vizuri mno ikivutwa upande mmoja, lakini ikigeuzwa, mnyororo unaweza kunasa kwenye makombe yake (yale mabamba yanayojichimbia) na isirudi kushika. Ya jembe kwenye tope laini sana inapita kama kisu kwenye samli.

Dawa ni nanga mbili, zote zifungwe omo: moja upande maji yanakotoka, nyingine yanakoelekea. Kila moja inavutwa upande wake tu, haigeuzwi kamwe. Boti inazunguka pale pale katikati, kwa duara lisilozidi sana urefu wake. Mita 60 zinatosha na kubaki.

Namna ya kufanya: tupa ya jembe kwanza, upande wa juu wa mto, maji yakiwa yameanza kutoka na ukiwa umeelekeza omo kwenye mkondo. Toa mita zako 30, kisha tulia. Tope linataka muda. Iache nusu saa izame kwa uzito wake, halafu rudi nyuma na injini polepole, ongeza kidogo kidogo. Watu wengi wanaharakisha hapa, na hapa ndipo nanga inapopotea. Ikishika, ipeleke Danforth kwa dingi upande wa pili, idondoshe, rudi ukaikaze kutoka omo. Kamba yake ifungie uzito mdogo ili izame chini ya mkuku (uti wa chini wa boti) na usukani maji yanaposimama.

Kila siku tazama mbele: boti ikigeuka upande ule ule mara kadhaa, mnyororo na kamba vinasokotana. Vifungue mapema, vikiwa mizunguko miwili tu.

Dau_la_Jioni

Mbona mnamchosha? Nanga moja omo, kamba kutoka tezi (nyuma ya boti) hadi kwenye mti ukingoni. Haizunguki kabisa.

Mzee_wa_Amari

Penye maji yasiyotembea nakubaliana nawe, ni njia nzuri. Penye mkondo unaogeuka, nusu ya siku anapokea maji kwa tezi. Takataka na magogo yanajaa kwenye usukani na rafadha (panga la injini), na boti ikikaa mshazari kidogo tu, mkondo unaibana ubavuni kwa nguvu ambayo mti au kamba haitavumilia. Pia kamba iliyovuka maji usiku ni hatari kwa mwenye mtumbwi.

Dada_wa_Usukani

Hakuna aliyeuliza kuhusu mlingoti! Karibu na mji kuna nyaya za umeme na madaraja. Angalia ramani ya majini urefu ulioandikwa, na kumbuka maji yakijaa nafasi ya juu inapungua. Waya wa umeme haupaswi hata kukaribiwa, kwa sababu umeme unaweza kuruka kabla mlingoti haujagusa. Ramani hiyo hiyo itakuonyesha nyaya na mabomba yaliyolazwa chini, ambako nanga hairuhusiwi.

Taa nayo. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za 1972, Kanuni ya 30, zinataka taa nyeupe inayoonekana pande zote usiku, na mpira mweusi mchana. Mahali penye mitumbwi mimi naongeza taa nyingine chini, usawa wa sitaha, maana mtu anayepiga kasia haangalii kileleni mwa mlingoti. Kanuni ya 9 nayo inataka tuepuke kutia nanga kwenye njia nyembamba ya kupitia vyombo, kwa hiyo waulize wavuvi wanapita wapi na nyavu wanatega wapi. Hao wanajua magogo yalipozama. Mamlaka ya bandari waulize pia kama panaruhusiwa.

Usiku dingi ipandishwe na kufungwa kwa kufuli. Choo kisimwagwe horini, maji yale hayabadiliki haraka na kuna watu wanaoyatumia.

Tezi_na_Omo

Ahsanteni sana, mke wangu kasoma yote na kacheka. Tutaingia maji yakijaa, siku za maji mafu, nanga mbili za omo. Nina hofu moja tu: mvua ikinyesha juu ya mto, maji yashuke usiku na magogo, nanga mbili nitazitoaje haraka?

Mzee_wa_Amari

Huzitoi. Mwisho wa kamba ya Danforth ufungie boya tangu siku ya kwanza, na kamba yenyewe ifunge kwenye kigingi cha sitaha kwa namna inayofunguka hata ikiwa imekaza. Mafuriko yakija maji yatashuka upande mmoja tu, kwa hiyo nanga ya upande wa bahari haina kazi. Iachie na boya lake, ulale kwenye nanga ya juu, na nafasi ikiruhusu ongeza mnyororo. Utairudia Danforth asubuhi. Kichwa cha kila nanga kifungie pia kamba ya kung'olea yenye boya dogo, ili ikinasa kwenye gogo uivute kinyumenyume. Andika "NANGA" kwenye boya hilo, mgeni asije akalifungia chombo chake.

Usiku wa mvua mtu mmoja akeshe. Akiwa juu achague vitu viwili nchi kavu vilivyopangana, mfano taa na nguzo nyuma yake. Boti ikibaki upande ule ule wa mkondo na vile viwili vikazidi kuachana, nanga inaburutika, awashe injini hapo hapo.

Bildi_Nzito

Na chujio la maji ya kupoza injini lisafishwe kila unapowasha. Maji ya mafuriko ni tope tupu.