Naombeni ushauri: reflekta zipi kwa kazi tofauti za saiti?

Habari zenu wakuu. Nimekabidhiwa usalama wa vibarua kwenye mradi wa barabara mkoani Morogoro, na wiki ijayo naagiza reflekta mpya. Tulizonazo zinaniumiza roho. Juzi saa moja jioni narudi na gari kutoka kwenye kifusi, taa zimewashwa, nikamwona mshika bendera nikiwa nimeshamkaribia kabisa. Nilipoishika reflekta yake, mistari ya fedha ilikuwa imebanduka kama magamba ya samaki, na ile rangi ya chungwa imefanana na udongo wetu mwekundu.

Kiwango cha EN ISO 20471, cha nguo za kuonekana kwa urahisi kazini, kina madaraja 3. La 2 linadai kitambaa cha rangi inayowaka kisichopungua mita za mraba 0.50, la 3 ni 0.80. Kwa hiyo wa barabarani usiku nataka niwape daraja la 3, njano, zenye mikono. Hapo sina shaka.

Ninapokwama ni kwa mafundi wa kuchomelea. Reflekta za kawaida ni poliesta, cheche ikidondoka inayeyuka na kugandia mwilini. Mnawavalisha zile za EN ISO 14116 zisizosambaza moto, au wanavua kabisa wakiwa karakana?

Halafu lebo zinataja idadi ya kufua. Kwa vumbi la huku tunafua kila baada ya siku mbili. Nyie mnahesabuje, na mnabadilisha lini? Bosi anataka za bei rahisi, nipeni hoja za kumwekea mezani.