Kumkumbusha mtu kwa Kiingereza bila kumkera

Swali: Wakuu, mteja hajatuma ripoti, siku ya nne sasa. Nikianza na "I want to remind you", si ataona namgombeza?

Jibu: Ataona hivyo. Muulize: "Could you please send the report by Thursday?" Taja kitu na siku. "As soon as possible" haina tarehe, ndiyo maana watu huiahirisha. Tena jibu juu ya barua pepe ileile, ombi la kwanza lionekane hapo chini.

Jibu: "Kindly" nayo uitazame, Waingereza na Wamarekani wengi huisikia kama amri. "Please" moja yatosha.

Jibu: Na sarufi jamani! "Remind" hudai mtu: "remind you about the report", kamwe si "remind about the report".