Kupima relei ya laini ya 33 kV bila kutripu breka: kufungua linki kunatosha?

FundiNyando
Shikamooni mlio wakubwa, na wengine habari zenu. Niko kiwanda cha sukari huku upande wa Muhoroni. Tunapokea umeme kwa laini ya 33 kV na msimu wa kusaga umepamba moto. Trela za miwa zimepanga foleni hadi barabarani, hakuna meneja atakayenipa hata dakika tano za giza. Lakini relei ya mkondo mkubwa na ya hitilafu ya ardhi, zile zinazoiamuru breka ikate umeme laini ikipata hitilafu, zimepitisha muda wa kupimwa, na radi za huku mnazijua.

Seti ya kudungia mkondo ninayo, na michoro ya paneli pia. Nilitaka nifungue linki ya tripu (kiungo kinachopitisha amri ya relei kwenda kwa breka), nidunge mkondo kwenye relei, nisome muda, nirudishe. Kinachoninyima usingizi ni hiki: mwaka jana mkandarasi alifanya hivyo hivyo kwenye paneli ya jirani, linki ameifungua kweli, mimi mwenyewe niliiona ikining'inia, na bado basbaa nzima (nondo zinazogawa umeme kwa laini zote) ikazimika. Hakuna aliyenieleza sababu. Nisipolielewa kosa lake nitalirudia.

MzeeWaPaneli, Nakuru
Marahaba mwanangu. Umeuliza kabla ya kushika bisibisi, umefanya vyema.

Linki aliyoifungua ni ya breka yake tu. Relei ina njia nyingine za kutolea amri. Kwa maelezo yako, namshuku mlinzi wa breka iliyokataa. Huyu, relei ikishatoa tripu, anahesabu sehemu ndogo ya sekunde. Akiona mkondo bado unapita, anaamua breka imekwama, anaamuru breka zote za basbaa ile zifunguke. Sasa mtu amefungua linki na bado anadunga. Relei itajuaje kwamba ni majaribio? Kwa macho yake breka imekataa.

Kwa hiyo kaa na mchoro, chukua kalamu nyekundu, fuata kila waya unaotoka kwenye relei hadi unapoishia: tripu, breka iliyokataa, amri ya kwenda mwisho wa pili wa laini kama ipo, na amri ya breka kujifunga tena yenyewe. Kila mmoja una linki yake au terminali yake. Fungua zote, ziandike kwenye karatasi moja, na mwenzako atie sahihi kando ya kila moja.

Halafu CT, transfoma ya kupimia mkondo inayoilisha relei. Hapa nakuomba unisikilize kama mzazi. Laini ina mzigo, kwa hiyo sekondari ya CT isiachwe wazi hata kwa kufumba na kufumbua. Piga shoti terminali za upande wa CT kwanza, bana kleampu mita, hakikisha mkondo umehamia kwenye shoti na upande wa relei umebaki sufuri, ndipo utenganishe. Nikiwa kijana nilimwona mwenzangu akitenganisha kwanza. Kabati lilianza kuvuma kama mzinga wa nyuki, kisha cheche ya samawati ikatembea kwenye terminali na plastiki ikayeyuka tukiitazama. Alinusurika kwa sababu alikuwa amekwisha kuondoa mkono. Volti zinazojijenga pale zinaweza kufika maelfu.

Jambo la mwisho: ukishaitenga relei, laini yako haina mlinzi isipokuwa relei ya nyuma yake. Waombe ruhusa wanaoendesha mtandao, na ufanye asubuhi. Wingu likianza kujikusanya juu ya milima ya Nandi, rudisha kila kitu.

KipimoSahihi, Kisumu
Mzee amemaliza. Naongeza hesabu tu. Kama mpangilio ni wa mkunjo wa kawaida (mkondo ukiongezeka, muda hupungua), muda ni TMS × 0.14 ÷ (M^0.02 − 1), TMS ikiwa kizidishi cha muda kilichowekwa kwenye relei, na M ikiwa mara ngapi mkondo umezidi kiwango cha kuanzia. Kwa TMS ya 0.2, ukidunga mara 2 utarajie sekunde 2.0, mara 5 ni 0.86, mara 10 ni 0.59. Waya wa kusimamisha saa uchukue upande wa relei wa linki, na uiambie seti kwamba kontakti hiyo ina volti, la sivyo utaunguza ingizo lake.

Kabla ya kurudisha linki, pima volti kati ya ncha zake mbili. Tumia mita ya kidijitali kwenye volti za DC. Taa ya kupimia usiiguse pale, kwa sababu mkondo wake unaweza kutosha kuamsha koili, na breka itafunguka mkononi mwako. Kama saketi ina msimamizi wa koili (kifaa kinachochunga koili ya tripu kila wakati), mita inaweza kuonyesha volti hata kontakti ikiwa wazi, kwa hiyo soma mchoro kwanza.

FundiNyando
Narudi kuwashukuru. Nimefanya leo saa mbili asubuhi. Kalamu nyekundu ilinitolea njia nne, na ya pili ilikuwa ile ya breka iliyokataa, kwenye terminali ambayo haina hata lebo. Mara 2 nimepata 2.04, mara 5 nimepata 0.88. Hitilafu ya ardhi nayo imekaa sawa.

Nilipopima kwenye linki mita ikasoma volti 108. Betri yetu ni ya 110, na saketi hii haina msimamizi. Mikono ilitetemeka. Nikapanda na tochi kuangalia relei ya kufungia: kibendera cha njano kimeanguka, kontakti imeshikilia tripu tangu jaribio la mwisho. Nikaizungusha kuirejesha, nikapima tena, 0.2. Ningeirudisha linki bila kupima, kinu chote kingesimama.

Bado sijajua kama breka yenyewe itafunguka ikiitwa, maana koili na springi sijazigusa. Nimeandika ombi la kuitripu mara moja kwa relei siku ya kusafisha boila.

MzeeWaPaneli, Nakuru
Siku hiyo piga saa pia muda wa breka kufunguka, uandike karatasi ile ile. Na hiyo terminali isiyo na lebo, ivalishe lebo kesho.