Mdogo wangu kapekuliwa kwenye bajaji usiku bila hati. Mahakama huwa inaangalia nini?

MamaVitenge aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Nauza vitenge, sheria siijui, kwa hiyo mniwie radhi nikiuliza kishamba.

Mdogo wangu anaendesha bajaji ya mkataba. Jumamosi moja, saa tano usiku, alipakia abiria wawili stendi. Mbele kidogo wakasimamishwa na askari watatu, wawili wenye sare na mmoja kanzu. Yule wa kanzu akasema "tuna taarifa na hii bajaji." Abiria mmoja akaruka na kutokomea gizani, wa pili naye akafuata. Chini ya siti ya nyuma kikatoka kifurushi kimefungwa kwa gazeti. Bangi.

Barabarani hakuandikishwa chochote. Karatasi ilijazwa kituoni, akaambiwa "saini hapa," akasaini. Shahidi aliyeandikwa kwenye ile karatasi ni askari mwingine, tena hata hakuwepo barabarani. Kifurushi kilipimwa siku ya pili yake, yeye yupo mahabusu.

Kesi inaanza kusikilizwa baada ya wiki mbili. Mama kauza mbuzi wawili ili tupate wakili. Swali langu: kumpekua mtu usiku bila hati ni halali? Na kama si halali, hakimu anaitupa kesi?

Kijiwe_Kati alijibu:

Dada, wangemaliza palepale barabarani. Sasa mbuzi wawili wamekwenda na kesi ipo. Bongo hii ukibambikiwa umebambikiwa.

KaraniMstaafu alijibu:

Kijiwe_Kati, ushauri wako ungemwongezea kijana shtaka la pili, la kutoa rushwa. Tuendelee.

MamaVitenge, pole mwanangu. Mimi si wakili. Nilikuwa karani wa mahakama miaka 22: kuita mashahidi, kutunza majalada, kuandika namba kwenye vielelezo, na kusikia "naomba kielelezo hiki kipokelewe" mpaka nikawa nayasikia usingizini. Nakueleza niliyoyaona na niliyoyasoma. Wakili wenu ndiye wa kuamua.

Kwanza utoe kichwani neno "inatupwa." Watu wengi wanadhani polisi wakikosea hatua moja tu, kesi imekufa. Sivyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 169, inasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria, ukipingwa, usipokelewe, isipokuwa mahakama iridhike kwamba kuupokea kuna faida mahsusi na kubwa kwa umma na hakumwonei mtu. Hakimu anapima: kosa ni zito kiasi gani, palikuwa na haraka gani, polisi wamekiuka nini na kwa ukubwa upi, na je, ushahidi uleule ungeweza kupatikana kwa njia halali? Mzigo wa kumridhisha ni wa anayetaka ushahidi upokelewe, yaani upande wa mashtaka. Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Nyerere Nyague, rufaa ya jinai namba 67 ya 2010, ilisema wazi kwamba si kila ukiukaji unafuta ushahidi moja kwa moja. Lile lilihusu maelezo ya onyo, yaani yale mshtakiwa anayoandikisha polisi, lakini mizani ni ileile.

(Namba za vifungu nazitaja kwa toleo la 2022. Ukishika toleo jipya, fuata maneno ya kifungu, usifuate namba.)

Sasa hati. Utaratibu wa kawaida uko kifungu cha 38: upekuzi unafanywa na mkuu wa kituo mwenyewe, au na askari aliyeidhinishwa kwa maandishi, na kitu kikichukuliwa lazima itolewe stakabadhi yenye saini ya mwenye mahali na ya mashahidi kama wapo. Nimeyarudia hayo maneno mawili, "kama wapo," kwa makusudi, maana mawakili wengi wachanga wanayaruka. Kifungu cha 40 kinasema hati ya upekuzi hutekelezwa kati ya jua kuchomoza na jua kuzama, labda mahakama iruhusu saa nyingine.

Kisha kipo kifungu cha 42, mlango wa dharura. Askari akishuku kwa sababu za msingi kwamba mtu au gari limebeba kitu cha uhalifu, na kitu hicho kitapotea au kuharibiwa asipochukua hatua papo hapo, anaweza kupekua bila hati, mradi hali iwe nzito na ya haraka kweli. Upekuzi wa njiani karibu wote unapitia mlango huu. Na ukishakubaliwa kuwa wa dharura, Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba yale masharti ya stakabadhi ya kifungu cha 38 hayabani tena kama ambavyo yangebana nyumbani kwa mtu.

Kwa hiyo swali lako la usiku si la kwanza. La kwanza ni hili, na ndilo ningemtaka wakili wenu alale nalo: hiyo taarifa ya yule wa kanzu, waliipata saa ngapi?

MamaVitenge aliandika:

Shikamoo mzee wangu. Nimepiga simu kwa shemeji aliyekuwepo siku ya usikilizwaji wa awali. Anasema mwendesha mashtaka alisoma kwamba "taarifa za siri zilipokelewa majira ya saa nane mchana," na namba ya bajaji ilitajwa.

KaraniMstaafu alijibu:

Marahaba. Hapo sasa umeleta kitu.

Saa nane mchana mpaka saa tano usiku ni muda wa saa tisa. Mkuu wa kituo alikuwepo? Karatasi na kalamu vilikuwepo? Kwenye shauri la Shabani Said Kindamba, rufaa ya jinai namba 390 ya 2019, Mahakama ya Rufani iliukataa upekuzi wa bila hati kwa sababu dharura haikuonekana. Neno "dharura" haliponyi kitu kwa kutamkwa tu kizimbani. Lazima shahidi aeleze ni nini hasa kilichomzuia kufuata utaratibu wa kawaida.

Lakini usishangilie mapema, mwanangu. Nyumba haihami. Bajaji inahama. Mwendesha mashtaka mwenye akili atasema: tulijua namba, hatukujua itapita wapi wala mzigo utapakiwa saa ngapi, na tulipoiona ndipo dharura ilipozaliwa. Hoja hiyo ina miguu. Nimewaona mahakimu wakiikubali. Kitakachoivunja ni maswali ya dodoso, yale wakili wenu atakayowauliza askari kizimbani: mlikaa wapi kuanzia saa nane? Nani aliwatuma? Mlitoka na fomu? Kama walitoka kituoni wakiwa na fomu ya kukamatia mali mfukoni, basi walijua wanakwenda kupekua, na idhini ya maandishi ilikuwa umbali wa meza moja.

Kuhusu saini nitakwambia ukweli ingawa utauma. Lipo shauri la Song Lei, lile la pembe 11 za faru zilizokutwa zimefichwa kwenye gari pale mpakani Kasumulu mwaka 2015. Mahakama ya Rufani ilisema mtu akishasaini hati ya ukamataji, yaani karatasi ya vitu vilivyokamatwa kama ile aliyosaini mdogo wako, ikiwa halali, amekiri kwamba vitu vilikutwa kwake. Kwa hiyo ile saini ya kituoni ndiyo jiwe zito kuliko yote mliyonayo shingoni, kuliko hata huo usiku. Njia ya kulipunguza ni kuishambulia hati yenyewe: haikujazwa mahali pa tukio, shahidi hakuwepo barabarani, na kijana alisaini akiwa tayari yuko chini ya ulinzi, pengine bila kusomewa.

Na hili lifanyike siku ileile hati inapotolewa mahakamani. Nilikaa chumba kimoja na wakili mmoja, shati jeupe pe, Kiingereza cha kumwaga. Hati ya ukamataji ikatolewa, hakimu akamtazama, akauliza, "Una pingamizi?" Akasema hana. Miezi minne baadaye, kwenye mawasilisho ya mwisho, akaandika kurasa tisa jinsi hati ile ilivyokuwa haramu. Hakimu alifungua mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi, akasoma mstari mmoja, "hakuna pingamizi," akafunga. Kifungu cha 169 kinaanza kufanya kazi pale mtu anapopinga. Ukinyamaza, umemsaidia mwenzio kuvuka mto.

Hati ikishapokelewa isomwe kwa sauti mahakamani. Hilo ni tangu shauri la Robinson Mwanjisi, mwaka 2003. Isiposomwa, Rufani inaifuta kwenye kumbukumbu. Ila shahidi akiwa ameeleza vizuri kwa mdomo, maelezo yake yanaweza kubaki hata karatasi ikifutwa.

BintiKisauni alijibu:

Huku kwetu Mombasa twaanzia kwa Katiba yenyewe. Ibara ya 31 yasema mtu asipekuliwe mwili, nyumba wala mali, na Ibara ya 50(4) yataka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki uondolewe ikiwa kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki. Kaka yangu yu utingo wa matatu, hilo la kupekuliwa twalijua sana. Kwenu hakuna ibara kama hiyo?

KaraniMstaafu alijibu:

Ipo binti yangu, Ibara ya 16, inalinda nafsi ya mtu na maskani yake. Lakini kwenye mahakama zetu za chini sikumbuki siku niliyosikia ikitajwa katika kesi ya bangi. Wanabishana kwa vifungu vya mwenendo wa jinai na kuondoka. Nyie wenzetu mmezoea Katiba kushikwa mkononi.

MamaVitenge, limebaki moja: kifurushi. Paulo Maduka, rufaa namba 110 ya 2007, inataka kuwe na kumbukumbu za maandishi zinazofuatana kwa nyakati, nani alikamata, nani alitunza, nani alimpa nani, mpaka kwa Mkemia Mkuu na kurudi mahakamani. Mahakama hulegeza kamba kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi. Bangi iliyofungwa kwa gazeti si kitu cha namna hiyo. Kilikamatwa usiku, kikapimwa siku ya pili. Usiku ule kililala wapi? Mtunza vielelezo alikipokea saa ngapi, na kwenye rejesta kimeandikwa vipi? Hapo mimi ningetumia muda mwingi kuliko kwenye hati ya upekuzi.

Hukumu hizo zitafutwe TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria, bure. Nyingi ni za Kiingereza, maana Kiswahili kimefanywa lugha ya mahakama kisheria mwaka 2021 tu. Mpe wakili majina, azisome mwenyewe, asinitegemee mimi na miwani yangu.

MamaVitenge aliandika:

Mzee Mungu akuweke. Leo nilikwenda kumwona mahabusu. Nikamuuliza kama alisomewa ile karatasi. Anasema hapana, palikuwa na alama ya X kwa kalamu nyekundu, akaambiwa asaini pale kwenye X. Na anasema sehemu ya "mahali pa kukamatia" ilikuwa bado tupu wakati anasaini.

KaraniMstaafu alijibu:

Tupu? Ana uhakika?

Wakili aombe nakala ya hati hiyo kesho asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote. Aangalie kama wino wa mahali pa kukamatia ni uleule wa saa na tarehe. Na kijana asimsimulie mtu mwingine habari ya X mpaka siku ya pingamizi.

MamaVitenge aliandika:

Saa mbili kamili nitakuwa mlangoni kwa wakili.