Quiet Riot: niendelee nao au nimwachie shemeji ushindi?

Wakuu, habari za jioni. Nimenunua santuri ya mtumba ya Quiet Riot, bendi ya Marekani ya hevi metali (roki nzito ya magitaa), Condition Critical ya 1984. Nimeisikiliza mara tatu, patupu. Shemeji yangu ananicheka, eti hao ni wezi wa nyimbo za Slade, bendi ya Uingereza, waliojaza dawa kwenye nywele. Mbona kila mahali nasoma waliweka historia? Niendelee au niuze? Naombeni ushauri.

Kinanda Kibovu: Mkuu, umeingilia dirishani. Tafuta Metal Health ya 1983, ile yenye jamaa kafungwa koti la vichaa, usoni barakoa ya chuma. Novemba mwaka huo iliishusha albamu ya bendi ya The Police ikashika namba moja Marekani. Albamu ya kwanza ya hevi metali kufika pale (mashabiki wa bendi ya Led Zeppelin, najua mtasema wao walitangulia, subirini). Baada ya hapo kampuni za rekodi zikaanza kusomba bendi za vijana wa Sunset Strip, mtaa wa vilabu vya muziki Los Angeles, kama dagaa.

Mama Besi: Shemeji kasema nusu. "Cum On Feel the Noize" ni wa Slade kweli, wa 1973, lakini Quiet Riot wenyewe hawakuutaka! Produsa Spencer Proffer ndiye aliyeng'ang'ania. Hawakuufanyia mazoezi, wakapanga kuuboronga makusudi studioni yaishe. Mpiga ngoma wao, Frankie Banali, akaanza kupiga zile ngoma, ukanoga. Ukafika namba 5 Marekani. Kosa ni hilo ulilonunua: wakarudi kwa Slade kuchota wimbo mwingine, na msikilizaji si mjinga. Halafu mwimbaji wao, Kevin DuBrow, na mdomo wake, kila bendi aliisema. 1987 wenzake wakamtimua.

Kinanda Kibovu: Nakazia hapo kwenye mdomo.

Mzee wa Santuri: Mbona hamumtaji mpiga gitaa Randy Rhoads? Ndiye aliyeianzisha bendi na mpiga besi Kelly Garni, kabla hajaenda kwa mwimbaji Ozzy Osbourne 1979. Albamu mbili alizopiga zilitoka Japani tu, usihangaike nazo kwanza. Randy alikufa kwa ajali ya ndege Machi 1982. Wimbo wa mwisho wa Metal Health, "Thunderbird", ni wa kumuenzi yeye. Anza na huo, sauti juu kidogo.

Mleta uzi: Nimeusikiliza usiku huu kwenye simu. Kumbe DuBrow akiacha kupiga kelele anaimba. Hiyo ya 1984 siiuzi tena, nampelekea shemeji zawadi.

Mama Besi: 😂 Mpelekee na ya Slade, alinganishe.