Kuhifadhi na kurejesha mipangilio ya kidhibiti cha seva kwa mstari wa amri kabla ya kubadilisha ubao mama

Zamu_ya_Usiku ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninasimamia seva 12. Tisa ni Dell PowerEdge zenye iDRAC9 (kidhibiti cha Dell cha kusimamia seva kutoka mbali), na tatu ni za mtengenezaji mwingine zinazotumia IPMI ya kawaida (kiwango cha pamoja cha kusimamia seva kutoka mbali). Jumamosi fundi anakuja kubadilisha ubao mama wa moja ya hizo Dell, na kwa kuwa kidhibiti kimejengwa kwenye ubao huohuo, nina hofu kwamba watumiaji, anwani na arifa nilizopanga vitaondoka nao. Nimeingia kwenye iDRAC kwa SSH nikatumia racadm, zana ya Dell ya kukiamuru kidhibiti hicho, nikaandika `racadm get -t xml -f akiba.xml`, amri ikakataliwa. Nimekosea wapi? Faili hiyo itarudisha pia nenosiri? Na ninaweza kuitumia kwenye zile nane nyingine ili zote zifanane?

Fundi_Waya amejibu:

Amri ni sahihi. Kasoro iko mahali ulipoiandikia. Ukiingia kwa SSH unakuwa ndani ya kidhibiti chenyewe, ambako huna diski ya kuwekea faili yako, ndiyo maana racadm hudai uielekeze kwenye folda ya mtandao ya NFS au CIFS kwa `-l`. Njia nyepesi ni kusakinisha racadm kwenye kompyuta yako ya kazi na kuivuta nakala kutoka huko:

`racadm -i -r 10.20.0.33 get -t xml -f seva03.xml -c iDRAC.Embedded.1`

Hiyo `-i` hukuuliza jina na nenosiri, ili nenosiri lisibaki kwenye historia ya amri. Nayo `-c` huifanya nakala ibebe mipangilio ya kidhibiti peke yake. Ukiiacha utapata pia BIOS, RAID na kadi za mtandao. Kwa kumbukumbu ni sawa, lakini mimi sipendi kurejesha faili inayoweza kugusa mpangilio wa diski wakati nilichotaka ni kurudisha watumiaji wanne.

Kuhusu nenosiri, ifungue faili na utakuta mstari kama huu:

`<!-- <Attribute Name="Users.2#Password">******</Attribute> -->`

Mstari umefungwa kama maelezo na utarukwa wakati wa kurejesha. Zile nyota hazina kitu nyuma yake. Unaweza kuufungua na kuandika nenosiri jipya, au kuongeza `--includeph` wakati wa kuhifadhi ili ibebwe heshi ya nenosiri, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye nenosiri. Ukichagua hilo la pili, ilinde faili kama unavyolinda nenosiri lenyewe.

Siku ya kurejesha, tumia racadm iliyosakinishwa ndani ya mfumo wa uendeshaji wa seva hiyohiyo, kwa sababu ubao mpya hauijui anwani yako na hutaufikia kwa mtandao. Kwanza andika `racadm getversion` ujue programu dhibiti ya ubao mpya ni toleo gani; likiwa la nyuma sana, lipandishe kabla ya lolote. Kisha jaribu bila kubadilisha kitu:

`racadm set -t xml -f seva03.xml --preview`

Ukiridhika, weka `-b NoReboot` mahali pa `--preview`, la sivyo seva inaweza kuzimwa na kuwashwa upya pale ambapo badiliko fulani linalihitaji hilo. Utapewa namba inayoanza na JID. Usiishie kusoma kwamba kazi imekamilika: `racadm lclog viewconfigresult -j` pamoja na namba hiyo hukuonyesha kipengele kimoja kimoja, kilichokubali na kilichokataa.

Mlinzi_wa_Raki amejibu:

Naongezea kuhusu zile nane. Niliwahi kuchukua faili ya seva moja nikaipandisha kwenye tatu kwa mkupuo, nikasahau kwamba ndani yake mna `IPv4Static.1#Address`. Zote tatu zikaamka na anwani moja, nami nikashuka chumba cha seva na kibodi mkononi kuzirekebisha moja baada ya nyingine kwa `racadm setniccfg -s`. Kabla ya kunakili, ondoa mistari ya anwani na jina la kidhibiti; yanayobaki, kama vile NTP (ulinganishaji wa saa), arifa na watumiaji, hayana ubishi.

Kwa zile tatu za IPMI, tumia FreeIPMI, programu huria ya kusimamia vidhibiti vya IPMI:

`bmc-config --checkout --filename=seva10.conf`

Kurejesha ni `--commit` badala ya `--checkout`, na `--diff` hukuonyesha tofauti kati ya faili na kidhibiti kilivyo sasa. Kinachoandikwa ni kile tu kilichomo kwenye faili, kwa hiyo punguza bila woga. Mstari wa kwanza kuufuta, kama ubao umebadilishwa, ni `MAC_Address` katika sehemu ya `Lan_Conf`, usije ukaulazimisha ubao mpya ubebe anwani ya marehemu. Nenosiri hapa usilitarajie kabisa: IPMI ina amri ya kuweka nenosiri na ya kulijaribu, lakini haina ya kulisoma.

Zamu_ya_Usiku amejibu:

Nawashukuru sana. Ubao umebadilishwa na nimerejesha kutoka ndani ya Linux kama mlivyoelekeza. Kazi ilikamilika na anwani ikarudi, ila mwenzangu wa zamu ya mchana akashindwa kuingia. Kosa ni langu: nilifungua mstari wa nenosiri wa `Users.2` nikausahau wa `Users.4`, nalo jina lake likarudi bila nenosiri. Nimemwekea jipya. Zile nane nimezitengenezea faili isiyo na anwani, na leo usiku naanza na seva moja tu, ile iliyo karibu na mlango.