Mlimau wa chungu umegeuka manjano: nipime pH (uchachu wa udongo) kwa kifaa gani?

Shina_Embakasi: Wadau, mlimau uko kwenye chungu cha lita 20. Udongo ni ule mweusi wa huku kwetu pamoja na samadi, maji ni ya kisima cha ploti. Majani machanga ni manjano, mishipa imebaki kijani. Ya chini yako sawa. Nimeweka CAN (mbolea ya nitrojeni), hakuna kitu. Ninunue kipimio cha vijiti viwili, karatasi za pH, kile cha kidijitali cha umbo la kalamu, au nipeleke maabara?

BustaniYaGhorofani: Cha vijiti viwili achana nacho. Hakina betri, kinategemea umeme kidogo unaozalishwa na vile vijiti, hivyo unyevu na chumvi hukiyumbisha. Udongo mkavu utakuonyesha karibu na 7 hata kama si kweli.

Chukua karatasi, ila zenye hatua za 0.5, zile za 1 hadi 14 hutofautishi 6 na 7 kwa macho. Chimba udongo wa kina cha sentimita 10, si wa juu ambako chumvi imeganda. Kijiko kimoja cha udongo kwa viwili vya maji safi ya betri (ya kuongezea, si asidi!). Koroga, ngoja dakika 30, chuja kwa kitambaa kizito ndipo uchovye. Usipochuja, tope hupaka karatasi rangi na unasoma uongo. Kwa udongo mwekundu wa Kikuyu ndiyo balaa zaidi.

Mche254: Kalamu ni sahihi kuliko karatasi, ikiwa utairekebisha kwa vimiminika vya pH 4 na 7 na ncha isikauke. Wengi huiweka kabatini bila kimiminika chake, mwezi ukiisha namba zinayumba. Kwa chungu kimoja ni pesa ya bure.

mama_kiazi: Pimeni maji kwanza jamani. Visima vingi vya Nairobi vina bikaboneti na floraidi nyingi. Bikaboneti ndiyo inayopandisha pH polepole kila unapomwagilia. Ukiwa na drasena au mmea buibui wenye ncha za kahawia, shuku floraidi. Mwagilia maji ya mvua.

Shina_Embakasi: Na siki ya kushusha pH?

mama_kiazi: Kwenye udongo haidumu. Na majivu usiguse, yanazidi kupandisha pH.

Mche254: Dalili zako ni za upungufu wa chuma: pH ikipanda, yaani uchachu ukipungua, mizizi hushindwa kukichukua. Magnesiamu huanzia majani ya chini, nitrojeni pia, ila yenyewe hugeuza jani zima. CAN haigusi chuma, na ina chokaa ndani. Kabla ya kununua dawa, toa mmea chunguni: mizizi ya kahawia inayonuka ni maji kutuama, na majani hugeuka vivyo hivyo. Mizizi ikiwa sawa na pH imepita 7, ulizia agrovet chuma cha EDDHA (chuma kilichofungwa ili mmea ukipate), kile kinachofanya maji yawe mekundu. Aina nyingine, EDTA, huachia chuma pH ikipita takriban 6.5, unamwaga bure.

BustaniYaGhorofani: Maabara, kama ya KALRO (shirika la utafiti wa kilimo) Kabete, ni ya shamba au vyungu vingi vya mchanganyiko mmoja. Sampuli ya nusu kilo kutoka chungu kidogo ni kukata mizizi. Ukipeleka, waambie ni udongo wa chunguni, maana viwango vya shamba havifanani na mchanganyiko wenye makapi ya nazi.